Tulimkamata Kila Mtu

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao lililoegemea ukuta wa karakana yangu ya redio, na mguu wake mmoja umesimama juu ya betri ya gari iliyokufa zamani. Mbele ya benchi kuna jiko la mkaa la Mama Birika, muuza kahawa, na mbele ya jiko kuna barabara ambayo wakubwa wanaahidi kuitia lami tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Hapo ndipo tunapokaa kila alasiri. Mimi, Fundi, nusu niko ndani nikilehemu nyaya za watu, nusu niko nje nikisikiliza upuuzi. Hakimu hajawahi kuhukumu hata kuku. Alikuwa karani wa mahakama, akastaafu, jina likamganda. Breki ni dereva wa lori, na tumempa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Siku ninayoisimulia, tulikuwa tumemzika Mzee Kurasa wiki mbili zilizopita. Huyo ndiye mwandishi wa riwaya za upelelezi ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la kwenye majalada, na sisi tulimjua kwa kikohozi chake akiwa bado kwenye kona ya mtaa. Alikufa akiwa amebakiza sura moja ya kitabu chake cha kumi na mbili, sura ya kumtaja muuaji. Wiki mbili nzima tulibishana kwa nini hakuiandika, na tulikuwa tumechoka kiasi kwamba hata ubishi wenyewe tulikuwa tunaufanya kwa kuwa hatukujua kitu kingine cha kufanya saa tisa mpaka saa kumi na mbili.

Breki: Mimi nasema tena. Yule mzee alikuwa mtu wa usalama.

Hakimu: Ulisema jana.

Breki: Jana nilisema polisi. Nimelala nalo, nimeona polisi ni mdogo. Polisi hawezi kujua sumu nyingi vile. Sumu kwenye gundi ya bahasha! Sumu kwenye kamba ya gitaa! Mtu wa kawaida anazijulia wapi?

Mama Birika: Mtu akijua sumu tu, ni usalama? Mimi najua kahawa. Niko idara gani?

Breki: Mama, usinichekeshe, nina huzuni.

Mama Birika: Una huzuni, na hicho ni kikombe cha nne.

Hakimu alikohoa kidogo. Akikohoa vile, ujue anataka mahakama inyamaze.

Hakimu: Nyote hamjui sheria ya ushahidi. Mzee Kurasa alikuwa amefungwa jela. Si chini ya miaka mitatu. Kitabu chake cha nne kina sura nzima ya selo. Anaeleza mlango wa selo unavyolia ukifungwa, kwanza unaguna, halafu unapiga kelele. Huwezi kuujua mlio ule kwa kuambiwa.

Mimi: Hakimu, wewe ndiye uliyemwambia.

Hakimu: Mimi?

Mimi: Umekaa hapo hapo ulipo. Ukamwigizia mlango kwa mdomo mara tatu, mpaka wapita njia wakasimama. Yeye anaandika.

Hakimu: Sikumbuki.

Mama Birika: Mimi nakumbuka. Mate yaliingia kwenye sukari.

Nilifikiri hapo tungepumzika. Nikaweka chini redio ya mteja, nikasema nilichokijua, kwa sababu kati yetu ni mimi peke yangu niliyewahi kumuuliza Mzee Kurasa kazi yake ya zamani.

Mimi: Jamani, yule alikuwa msoma mita za maji. Miaka thelathini. Aliingia kila ua wa mji huu na daftari lake, anainama, anasoma mita, anaaga. Watu wanagombana mbele yake, maana msoma mita hahesabiwi kuwa mtu. Ndiyo maana alijua siri za nyumba za watu. Basi.

Walinitazama kwa huruma.

Breki: Fundi, wewe ndiyo maana redio zako zinatengenezwa zikashika stesheni moja tu.

Hakimu: Msoma mita hawezi kuandika vitabu kumi na kimoja.

Mama Birika: Ni kweli hawezi. Na hakuandika.

Aliposema hivyo alikuwa anachochea mkaa, hakuinua hata uso. Mama Birika ana tabia hiyo, neno zito analisema akiwa na kazi mkononi.

Breki: Hakuandika nani?

Mama Birika: Yeye. Aliandika marehemu mkewe. Mimi yule dada nilimjua sokoni tu, alikuwa mkimya, anakutazama unaponunua vitunguu mpaka unahisi umeviiba. Yule ndiye aliyekuwa na akili ya kuua. Aliandika vyote akiwa hai, akavitia sandukuni. Alipokufa, mzee akawa anatoa kimoja kimoja, anatuletea hapa, anajidai anatunga. Sasa sanduku limefika chini. Sura ya mwisho haikuwemo. Ndio hivyo, hakuna cha kushangaa.

Hakimu: Na mara zote alizobadilisha muuaji kwa sababu yetu? Marehemu mkewe alijuaje tutakachosema?

Mama Birika akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza.

Breki: Wote mmepotea. Niwaambie? Hamtakasirika?

Mimi: Tumeshachoka kukasirika. Sema.

Breki: Hajafa.

Hakimu: Toba!

Breki: Fikirini! Mtu aliyeandika vitabu kumi na kimoja vya watu kufa, afe hivi hivi, kwenye kiti, moyo umesimama, daktari amesema, imekwisha? Bila hata dirisha kuvunjwa? Hiyo ni dharau. Mzee yuko mahali, amefuga ndevu, anatusikiliza. Sura ya mwisho ndiyo hii. Ni sisi! Anangoja tumfichue. Hata jeneza lilikuwa jepesi, niliona wanavyolibeba.

Hakimu: Uliona. Mimi nililibeba. Bega hili, tangu siku ile siwezi kujikuna mgongo. Jepesi! Ulikuwa nyuma na simu sikioni, unawatafutia watu mchanga wa kujengea, unasema jepesi.

Tungecheka siku nyingine. Siku hiyo kilitoka kicheko kimoja kifupi, cha Breki mwenyewe, kikaishia hapo. Redio niliyokuwa naitengeneza ilishika ghafla, na kama kwa kutukomoa, mtangazaji alikuwa anamzungumzia yeye. Gwiji wa riwaya za upelelezi. Mtu ambaye msomaji hakuwahi kutegua kitendawili chake. Pengo lisilozibika. Na sasa, akasema, huenda hatutajua kamwe ni nani aliyemuua mwenye kiwanda cha sabuni. Nikaizima.

Mama Birika: Zima tu. Sisi tunajua nani aliyemfungia njia yule mzee asimalize kitabu chake. Usalama, jela, sanduku, tunazunguka tu. Tunajua.

Na kwa kuwa wewe msomaji hukuwepo, inabidi nikueleze tulilofanya, ingawa sipendi.

Miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, Mzee Kurasa alikuja hapa na daftari la shule lenye jalada la kijani. Alikaa mwisho wa benchi, upande wa betri, akatusomea sura moja ya kitabu anachokiandika. Akifika sura inayotangulia ile ya mwisho, alifunga daftari akauliza, "Haya, wapelelezi wangu, mnamkamata nani?" Kila mmoja wetu alikamata mtu mmoja. Hakimu humkamata tajiri, Mama Birika humkamata mke, Breki humkamata yeyote mwenye gari, na mimi humkamata aliye kimya. Mzee anaandika majina ukurasa wa nyuma, anamaliza kahawa, anakwenda nyumbani. Kitabu kikitoka, muuaji si hata mmoja wa tuliowakamata. Ndiyo ilikuwa siri yake yote. Wasomaji walidhani ana kipaji cha ajabu cha kuwapoteza watu. Kumbe alichukua watu wanne wa kawaida, akaona wanakoelekea, akaenda kwingine. Na hakutuficha. Kila kitabu, ukurasa wa mbele, kimeandikwa: Kwa wapelelezi wa benchi. Mimi ninavyo vyote kumi na kimoja, juu ya rafu, kando ya redio zisizopona.

Sasa, kushindwa mara kumi na moja kunachosha. Breki ndiye aliyeanza, lakini tulikubali sote, sitamsingizia. Kitabu cha kumi na mbili kilipofika mwisho, tulikutana asubuhi, kabla mzee hajaja, tukagawana washukiwa. Mzee mwenye kiwanda cha sabuni amekutwa amekufa ofisini. Ni akina nani wamo? Mke wake, mpishi, kaka yake, daktari, mlinzi, karani. Watu sita. Mama Birika akachukua mke na mpishi. Hakimu akachukua kaka na daktari. Breki mlinzi, mimi karani. Tukimkamata kila mtu, atabaki na nani? Kwa mara ya kwanza lazima mmoja wetu apatie. Tulicheka mpaka Mama Birika akashika mbavu.

Alhamisi hiyo mzee alikuja amechoka, anatembea anasimama. Alisoma kwa sauti ndogo, ikabidi tuiname. Akauliza swali lake. Tukawataja mmoja mmoja, na Hakimu na Mama Birika wakataja wawili wawili. Alitutazama juu ya miwani, akajua mchezo wetu papo hapo. Hakukasirika. Aliandika yote, akauliza, "Mmemaliza?" Tukasema tumemaliza. "Hakuna aliyebaki?" Hakuna. Akangoja kidogo, akauliza tena, "Hakuna hata mmoja mnayemkumbuka?" Breki akampiga begani akamwambia, mzee, leo umekwama, kubali tu. Akatabasamu, akafunga daftari. Hakumaliza kahawa yake. Siku kumi na moja baadaye alikutwa amekaa kwenye kiti chake, meza mbele yake, na sura ya mwisho haikuwepo. Tukajua sisi ndio tuliomziba. Mtu amefanya kazi moja maisha yake yote, na mara ya mwisho kabisa marafiki zake wanamfungia mlango ili wacheke.

Ndipo alipofika yule mwanamke. Alikuwa wa miaka arobaini hivi, ana mkoba wa safari begani na viatu vya kazi vyenye udongo mwekundu kwenye soli, vile vya watu wanaoshinda porini na vyombo vya kupimia. Alisimama mbele ya jiko, akasoma kibao cha karakana yangu, akatazama benchi, akatazama betri.

Mgeni: Shikamooni.

Sote: Marahaba.

Mgeni: Samahani, ndiyo benchi la wapelelezi hili?

Breki alijiweka sawa. Tangu msiba, walishakuja waandishi wa magazeti wawili, na Breki aliwaambia mambo ambayo mpaka leo naona haya.

Breki: Ndilo hili, dada. Karibu. Unatoka gazeti gani?

Mgeni: Sitoki gazeti lolote. Mimi ni binti yake.

Mama Birika: Binti wa nani, mwanangu?

Mgeni: Wa marehemu. Mnayemwita Mzee Kurasa.

Ningependa kusema tulisimama kumpokea. Hatukusimama. Tulitazamana, kila mmoja akitafuta kwa mwenzake kama alijua, na hakuna aliyejua. Hakimu akasogea, akampisha.

Hakimu: Pole sana, mwanangu. Pole kwa msiba. Hatukukuona mazikoni.

Binti: Nilikuwepo, baba. Nilisimama nyuma. Huyu mama alinipa pole, akaniuliza natoka mtaa gani.

Mama Birika alishika mdomo.

Mama Birika: Ee Mungu wangu. Nilidhani ni jirani.

Binti: Usijali, mama. Hata mimi siku ile nilijiona jirani.

Alikaa. Mama Birika alimmiminia kahawa, akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka magotini bila kuinywa. Kisha akafungua mkoba akatoa daftari la kijani. Nilipoliona, nilijikuta natazama mwisho wa benchi, upande wa betri.

Binti: Sina muda mrefu, wazee wangu, nitawaeleza kwa kifupi. Wachapishaji wamenipigia. Wanataka kitabu kitoke. Wana kijana mmoja mwandishi, watampa amalizie sura ya mwisho, aweke muuaji anayemtaka. Lazima nijibu Ijumaa, ndiyo au hapana. Mimi sitaki mtu ambaye hakuwahi kukaa na baba amalizie sentensi za baba. Lakini nikisema hapana, lazima niwe na kitu cha kuweka pale. Nimetafuta nyumba nzima. Hakuna karatasi. Kuna ukurasa huu wa nyuma tu.

Aliufungua ukurasa akatuonyesha. Ulikuwa ni mwandiko wa mzee, herufi ndogo zilizolala. Mama B: mke, mpishi. Hakimu: kaka, daktari. Breki: mlinzi. Fundi: karani. Chini yake mstari, na chini ya mstari hakuna kitu.

Binti: Baba aliwahi kumwambia mama, zamani, jinsi anavyomchagua muuaji. Kwa hiyo najua kazi yenu hapa. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Ni nani ambaye hamkumtaja?

Ikawa kama kila mmoja anamsubiri mwenzake akiri. Mwisho Hakimu, ambaye amesikia watu wengi wakikiri maisha yake yote, akaona ni zamu yake.

Hakimu: Mwanangu, hapo ndipo ulipo ubaya wetu. Hakuna tusiyemtaja. Tulipanga. Tuligawana wote sita, ili asibaki na mtu. Tulitaka tumshinde mara moja tu. Tulikuwa tunacheza. Sisi ndio tuliomharibia baba yako kitabu chake cha mwisho, na kama alikufa nalo moyoni, hatujui. Tusamehe.

Breki: Ni mimi niliyeanza.

Mama Birika: Tulikuwa sote.

Binti alitutazama. Hakuonyesha hasira, alionekana tu mtu aliyesafiri na hajala.

Binti: Sita?

Hakimu: Sita.

Binti: Lakini kitabuni mna watu saba.

Breki: Saba wanatoka wapi? Mke, mpishi, kaka, daktari, mlinzi, karani.

Binti: Na binti.

Breki: Binti gani?

Binti: Sura ya pili. Binti wa mwenye kiwanda anafika asubuhi na mapema, hajafika pale miaka mingi. Anasimama nje ya ofisi ya baba yake, anasikia anaongea na simu. Hagongi. Anauegemeza mwavuli mlangoni, anaondoka. Basi. Hatajwi tena mpaka mwisho.

Nilijaribu kukumbuka sura ya pili. Alhamisi ile mvua ilinyesha, tulijibana chini ya bati langu, na Breki alikuwa anasimulia lori lililoanguka na shehena ya nyanya. Mzee alikuwa anasoma. Sauti yake naikumbuka. Maneno siyakumbuki hata moja.

Breki ndiye aliyepata furaha kwanza. Alisimama kabisa.

Breki: Kwa hiyo hatukumfunga! Mnasikia? Alikuwa na mtu! Sita tuliwakamata, wa saba hatukumgusa. Muuaji si ndiye huyo? Binti! Kwa kanuni yake mwenyewe ni binti, hana jinsi! Dada, kitabu chako kimekwisha, mwambie huyo kijana akatafute kazi nyingine…

Kisha akauona uso wa yule mwanamke, akakaa taratibu, na nadhani ile ndiyo mara pekee nimemwona Breki akisimama njiani bila kugonga kitu.

Binti: Nililiona hilo jana. Nilihesabu kwenye basi. Nikasema labda nimekosea, labda wale wazee walimtaja, ila baba akasahau kuandika.

Mama Birika: Hatukumtaja, mwanangu.

Binti: Sawa.

Alizungusha kikombe. Magari mawili yalipita, vumbi likatujia, hakuna aliyefunika uso.

Binti: Kitabu cha sita mmekisoma?

Hakimu: Kile cha bibi harusi.

Binti: Yule bibi harusi ni mimi. Mchumba wangu hakutokea, watu wameshakaa, chakula kimeshaiva. Baba alibadilisha jina tu. Rangi ya gauni aliiacha. Alieleza hata nilivyovua viatu nikavishika mkononi. Ofisini kwetu walikisoma, wakawa wakiniona wananyamaza. Nikampigia simu. Nikamwambia usinitaje tena. Si kitabuni, si barabarani, si kwa mtu yeyote. Jifanye huna mtoto. Akasema sawa, mwanangu. Baba alikuwa mtu wa kushika neno. Miaka tisa hiyo. Tulikuwa tunapigiana simu sikukuu, hali yako, hali yangu, kwaheri.

Mama Birika: Halafu akamtia binti kwenye hiki.

Binti: Halafu akamtia binti kwenye hiki. Aya moja.

Hakimu: Mwanangu, niseme kama ninavyoona. Alikaa siku kumi na moja na daftari hili. Kanuni yake inamwambia muuaji ni binti. Kalamu anayo. Hakuandika. Mimi naona hakutaka kukutia pingu. Aliona heri kitabu kife.

Breki: Ndiyo! Ni hivyo hasa. Alikataa.

Nilitamani ingeishia hapo. Ilikuwa imekaa vizuri, na sote tulianza kupumua. Lakini yeye alikuwa binti wa baba yake, hakubali mtu akamatwe kwa sababu tu anafaa.

Binti: Inawezekana. Na inawezekana alimsahau. Alimwandika sura ya pili, akachoka, akaumwa, akamsahau kama nyinyi mlivyomsahau. Alipoona sita wamekamatwa, akaamini kweli hana mtu. Yote mawili yanaacha ukurasa mtupu. Nimeutazama usiku na mchana, haunionyeshi ni lipi.

Mimi nilikumbuka macho ya mzee juu ya miwani, na lile swali aliloliuliza mara ya pili, kama hakuna hata mmoja tunayemkumbuka. Nikamweleza. Nikamwambia alivyongoja. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Binti: Aliuliza hivyo?

Mimi: Aliuliza hivyo.

Binti: Huenda alikuwa anawatega. Huenda alikuwa anawaomba. Na huenda alikuwa anauliza kwa kuwa yeye mwenyewe hakumbuki.

Mimi: Sijui, mwanangu.

Binti: Basi niwaulize kingine, niende, basi langu linaondoka saa kumi na moja. Hili rahisi. Nyinyi mmekaa naye miaka kumi na tisa. Amewataja kwenye kila kitabu, ukurasa wa mbele. Mimi, hapa kwenu, tangu simu ile, hata mara moja, kwa bahati mbaya tu, aliwahi kunitaja?

Alituangalia mmoja mmoja, kwa adabu, akimpa kila mtu nafasi yake.

Sisi tuliokuwa tumemfanya Mzee Kurasa jasusi, mfungwa, mwizi wa vitabu vya mkewe na maiti anayetembea, yote katika alasiri moja, hatukuweza kutunga uongo mdogo wa kumpa mtoto wake. Ukisema alikutaja, umemwambia kuwa baba yake alivunja neno alilompa. Ukisema hakukutaja, umemwambia alilishika mpaka akafa nalo. Hakimu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Birika aliinua birika kumwongezea, likatoa matone mawili na mashapo ya kahawa, akalirudisha jikoni likiwa limekauka, akaendelea kulishika.

Ilibidi mtu aseme. Ni benchi langu.

Mimi: Sikumbuki, mwanangu. Na sijui kama yeye alinyamaza, au alisema, na sisi ndio hatukusikiliza.

Hakuna aliyenibishia.